Njia ya Wapitao na Njia ya Wenyeji

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya njia za biashara katika nchi yetu ya Taita, na hasa juu ya mabonde ya Dawida ambamo wengi wetu tulizaliwa. Yafaa jambo hili lisemwe leo, kwa maana kabla hatujaachana mtaombwa kupiga kura juu ya barabara ndogo za vijijini. Kura hiyo haitagusa fedha peke yake. Itagusa mashamba ya watu.

Nchi yetu haikukosa njia. Misafara iliyotoka Mombasa na Rabai ilivuka nyika kavu ya Taru, ikatafuta maji Maungu, ikapumzika chini ya mlima wa Sagalla, kisha ikapita Bura kwenda Taveta na Kilimanjaro. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, alipita nchini mwetu, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Joseph Thomson naye alipita mwaka 1883. Wazee wetu waliwauzia wasafiri chakula, wakapokea nguo, shanga na waya. Lakini misafara haikuwa na haja ya kupanda milimani. Ilichukua maji na chakula, ikaenda zake. Ilipokuja njaa kubwa ya miaka ya 1880, ile tuiitayo Mwakisenge, njia ilikuwapo pale pale chini, na hata hivyo watu wetu walikufa na wengine wakatawanyika.

Ikaja reli. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi, na mwaka 1901 ikafika Ziwa Nyanza. Shabaha yake ilikuwa Uganda. Vita vya mwaka 1914 vilipozuka, Wajerumani waliishika Taveta. Ndipo mwaka 1915 jeshi la Waingereza likaanza kutandika reli ya pili kutoka Voi, kwa Mwatate na Maktau, na mwaka 1916 ikaungana na reli ya Moshi. Reli hiyo ilipita chini kabisa ya milima yetu, lakini ilijengwa kwa ajili ya askari na mizinga. Baadaye ilichukua mkonge. Katika miaka ya 1950 maji ya chemchemi za Mzima yalitiwa katika bomba yakapelekwa Mombasa, yakikata tambarare zetu. Mwezi wa Mei mwaka 2017 ikafunguliwa reli mpya ya Mombasa na Nairobi, nayo ina stesheni Voi. Barabara ya kutoka Mwatate hadi Taveta imetiwa lami, na tangu mwaka 2016 pale Taveta na Holili msafiri hukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili.

Sisemi haya kwa kulalamika. Voi, Mwatate na Taveta zimekua kwa sababu ya njia hizo, na soko la Taveta lakusanya watu wa nchi mbili. Nasema ili tuone jambo moja waziwazi: kila njia kubwa iliyojengwa katika nchi yetu ilijengwa na mtu aliyetaka kufika mahali pengine. Hiyo ni njia ya wapitao. Haina kosa, lakini haiwezi kupanda yenyewe mpaka mlangoni pa mkulima. Njia ya wenyeji hapana budi ianzie kwa wenyeji.

Tazameni hali yetu. Mji wa Voi uko chini ya mita 600 juu ya bahari, na kilele cha Vuria chapita mita 2,200. Kwa tofauti hiyo twapata mvua na ubaridi usiopatikana tambarare. Ndiyo sababu kabeji, nyanya na karoti zetu zatafutwa Voi na Mombasa. Lakini tofauti hiyo hiyo ndiyo mteremko unaotushinda. Kutoka barabara ya lami ya Wundanyi kushuka bondeni kwenye mashamba, mara nyingi ni mwendo mfupi. Mvua ikinyesha siku mbili, gari halishuki. Mama hubeba mzigo kichwani, au humlipa kijana wa pikipiki. Mnunuzi naye anajua kwamba nyanya hazingoji, basi hutaja bei apendayo. Faida yetu hupotea katika kipande hicho kifupi, kabla mzigo haujaiona lami.

Sasa niseme juu ya ujenzi, kwa sababu wengi hudhani barabara ni kazi ya kusawazisha udongo tu. Katika nchi ya milima, adui wa barabara ni maji. Barabara isiyo na mtaro upande wa juu hugeuka kuwa mto. Yapasa iwe na mgongo katikati ili maji yasisimame. Mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Kalvati imwage maji penye mawe au majani, wala si katika shamba la jirani aliye chini. Na kingo zipandwe majani yenye mizizi ya kushika udongo, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Kazi hiyo yahitaji majembe, sepeto na siku chache kila msimu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bwana Mwenyekiti, Halmashauri yaleta mambo matatu. La kwanza, kila kijiji kichague barabara moja tu, ile itakayofikia mashamba mengi zaidi. La pili, kila nyumba itoe siku mbili za kazi kabla ya kila msimu wa mvua, na asiyeweza, kwa uzee au ugonjwa, asidaiwe. La tatu, wenye mashamba watoe kipande cha ardhi kwa upana utakaokubaliwa.

Najua jambo la tatu ndilo zito. Mashamba yetu ni madogo, na wako wajane ambao kipande hicho kwao ni chakula cha watoto. Kwa hiyo nawaombeni msikubali neno la haraka. Barabara na ifuate mipaka kadiri iwezekanavyo, ili majirani wawili wagawane hasara. Ardhi na ipimwe mbele ya wazee kabla jembe halijagusa udongo, na mapatano yaandikwe pamoja na majina ya mashahidi. Mazao na miti itakayokatwa ilipwe katika mfuko wa Chama. Na ambaye barabara ingemwondolea sehemu kubwa ya shamba lake, basi barabara ndiyo izunguke, si yeye ahame. Maendeleo yanayomnyang'anya mnyonge huzaa kesi.

Serikali ya Kaunti tutaendelea kuiomba changarawe, kalvati na mitambo, kwa kuwa ni haki yetu kama walipa kodi. Lakini ombi la watu waliokwisha kupatana juu ya ardhi na kuchimba mitaro lina nguvu kuliko ombi la watu walioketi.

Wazee wetu, vijana wetu wengi wamekwisha kuzifuata njia kubwa mpaka Mombasa na Nairobi. Hatuwezi kuwazuia, wala si vema. Lakini yule atakaye kubaki na kulima, tumpe njia ya kutoa jasho lake shambani kabla halijaoza. Basi pimeni, semezaneni, kisha mpige kura.