Malkia wa nyuki na chupa za ujana

Jioni hii tuanzie mzingani. Malkia wa nyuki na nyuki wafanyakazi ni watoto wa mama mmoja, na jeni zao, yaani maagizo ya urithi yaliyomo mwilini, ni za namna moja. Hata hivyo, mfanyakazi wa msimu wa maua hufa baada ya wiki sita hivi, na malkia huishi miaka miwili, mitatu, hata mitano. Tofauti imetokana na chakula walicholishwa wakiwa mabuu. Chakula kile kiliwasha baadhi ya jeni na kuzima nyingine.

Na mwilini mwako ni hivyo hivyo. Seli ya ini na seli ya ngozi zina kitabu kilekile cha maagizo, ila kila moja husoma kurasa zake na kuziacha nyingine zimefungwa. Miaka ikienda, usomaji huo huvurugika: kurasa zilizofungwa hufunguka, na zile za ukarabati hupuuzwa. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Los Angeles alionyesha kwamba alama za kikemia katika sehemu 353 za jeni zatosha kukisia umri wa mtu kwa tofauti ya miaka michache tu.

Je, usomaji huo waweza kurekebishwa? Kwa mnyoo mmoja wa udongoni, wa urefu wa milimita moja, umekwisha rekebishwa. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake huko California walieleza kwamba jeni yake moja ikidhoofishwa, mnyoo huyo huishi mara mbili ya kawaida. Na si kuishi kwa kujikokota. Alitambaa kwa nguvu wakati wenzake wameshakufa. Jeni ile ikilegea, nyingine za kuukinga na kuukarabati mwili huwashwa.

Mwaka 2009 ikafuata habari ya panya. Walipewa rapamaisini, dawa iliyopatikana kwenye udongo wa kisiwa cha Easter, wakiwa tayari wazee wa siku 600, na bado umri wao ukasogea mbele: madume asilimia 9, majike 14.

Hapo ndipo wajanja wa mjini wanapopata mlango. Chupa zimejaa madukani, zimeandikwa kwamba zinarudisha ujana, na mstaafu anazinunua kwa kiinua mgongo chake. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kumwongezea binadamu maisha kwa kuchelewesha uzee. Kuacha sigara hurudisha polepole nyingi ya alama za jeni zilizoharibiwa na moshi, lakini hilo halina chupa, kwa hiyo halina wa kulitangaza.

Hata rapamaisini yenyewe, hospitalini hupewa waliopandikizwa figo, kwa sababu hupunguza kinga ya mwili. Panya wale walikaa katika vizimba safi, vilivyolindwa dhidi ya maradhi. Sisi tunapanda daladala moja na anayekohoa.