Chuma Kinachokitesa Kimelea

Msikilizaji, kimelea cha malaria kikishaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini. Mlo huo una hatari yake: huachia himu, yenye madini ya chuma, inayozalisha kemikali kali za oksijeni zinazokiunguza kimelea chenyewe. Ili kipone, huigandisha himu kuwa fuwele. Artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto huamshwa na chuma hichohicho, ikakishambulia kimelea kutoka ndani. Lakini haikai mwilini muda mrefu, kwa hiyo nakusihi: maliza dozi.

Wapo waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Chembe zao hazihimili kemikali hizo, jambo linaloweza kuwapunguzia hatari ya malaria kali. Ila primakwini, dawa nyingine ya malaria, huweza kuzipasua. Ukiitumia kisha mkojo ukawa mweusi kama kahawa, acha dawa, wahi kituo cha afya mara moja.