Tuwaandae Watoto kwa Mtihani, Tusiwatie Hofu

Hotuba ya mgeni mwalikwa, mwalimu mstaafu, katika hafla ya maadhimisho ya hekalu, Dar es Salaam



Mmeniomba niseme machache juu ya mitihani. Septemba watoto wa darasa la saba hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi. Oktoba huwa zamu ya darasa la nne. Novemba huwafikia wa kidato cha pili na cha nne. Katika nyumba nyingi miezi hiyo hugeuka kuwa kama ya matanga. Vicheko hukoma, na mtoto hutazamwa kwa jicho anapotazamwa mgonjwa.

Mwaka mmoja, binti hodari wa hisabati alinirudishia karatasi ya majaribio nusu yake ikiwa tupu. Nilipomuuliza faragha ni maswali gani yaliyomshinda, alinijibu: "Mwalimu, maswali nilikuwa nayaweza. Nilikuwa nafikiria nitakavyopokewa nyumbani." Waungwana, mtoto yule hakuhitaji masomo ya ziada. Alihitaji kuhakikishiwa kwamba mlango wa kwao utafunguliwa kwa matokeo yoyote.

Jambo hili si la huruma tupu. Mtu anapokokotoa hesabu, akili hutumia nafasi finyu, mfano wa meza ndogo. Hofu ikitandazwa juu ya meza hiyo, namba hazipati pa kukaa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walichapisha matokeo ya utafiti: wanafunzi wenye wasiwasi walioandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Hofu iliyotamkwa hupungua uzito. Basi mpeni mtoto daftari, au mpeni sikio.

Naomba tushike mambo manne.

La kwanza, mtoto aujue mtihani wenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoeleza wengi walikosea wapi na kwa nini. Zisomeni pamoja na walimu. Mtoto azoee pia kuweka kivuli katika fomu ya majibu, ili siku yenyewe isimletee kitu kigeni.

La pili, ajiulize badala ya kurudia kusoma tu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanaorudia kusoma huonekana hodari baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja wanaokumbuka zaidi ni wale waliojipima. Afunge kitabu, aseme alichokielewa, kisha afungue ajisahihishe. Nusu saa ya namna hiyo kila siku tangu Januari ni bora kuliko kukesha wiki nzima ya mwisho. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu ni usingizi. Ubongo huimarisha usiku yale yaliyosomwa mchana. Mzazi anayemwamsha mtoto saa tisa usiku akariri anachota maji kwa pakacha.

La nne lahusu nyumba zetu hasa. Watoto wengi hapa huzungumza Kigujarati na bibi zao, husoma kwa Kiingereza shuleni, kisha hukutana na karatasi ya Kiswahili. Kiswahili cha dukani hakitoshi kumfikisha kwenye ufahamu, methali na nahau. Mnunulieni vitabu vya hadithi, msome naye kwa sauti hata kama ulimi wa mzazi unajikwaa. Mtoto akimwona baba yake akijifunza, hataona haya kutojua.

Limebaki neno moja zito, nalo ni kulinganisha. "Mtazame mtoto wa mjomba wako." Sentensi hiyo fupi humfanya mtoto amchukie binamu yake pamoja na kitabu. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha za shule bora na wanafunzi bora. Ikiwa taifa limeziondoa orodha hizo, sisi tunazitundika za nini sebuleni mwetu? Mlinganisheni mtoto na alivyokuwa jana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nina ombi. Ukumbi huu mzuri hukaa kimya siku nyingi za wiki. Ufunguliwe jioni kwa watoto wa jirani wote, wa hekalu na wasio wa hekalu, kwani si kila nyumba ina meza na taa. Wazee waliostaafu, wahasibu na wafamasia miongoni mwenu, wakae nao kwa zamu. Mtoto anayesoma pamoja na wenzake hujua kwamba si yeye peke yake anayeogopa.

Nanyi wanafunzi, anzeni na maswali mnayoyaweza, lililo gumu mlirudie baadaye. Karatasi ile hupima mliyosoma. Haipimi thamani yenu mbele ya wazazi wenu, na leo wazazi wenu wamelisikia hilo mkiwapo.