Siku Moja, Kilio na Vigelegele



Mzee mmoja wa kanisa letu hapa kisiwani ana desturi ya kuandika katika kalenda yake ya ukutani nani alizaliwa siku gani na nani alikufa siku gani. Nilipomtembelea alinifunulia ukurasa wa Desemba, akaniwekea kidole kwenye tarehe 25. Isaac Newton, yule mtaalamu mkubwa wa Uingereza, alizaliwa siku hiyo mwaka 1642, kwa kalenda ya Waingereza wa wakati ule. Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, 1876. Anwar Sadat wa Misri, 1918. Kisha waliokufa: Charlie Chaplin, aliyechekesha dunia nzima, 1977, na Ceaușescu, mtawala wa Romania, aliyepigwa risasi pamoja na mkewe mwaka 1989. Hata Vasco da Gama, ambaye merikebu zake zilifika mbele ya kisiwa chetu Aprili 1498, alifariki kule India mkesha wa Krismasi mwaka 1524.

Nilicheka kidogo, maana mzee amewachanganya watu wa kila namna. Lakini chini kabisa palikuwa na jina moja lililopigiwa mstari: Ronald Ngala.

Wenzangu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Huyu ndiye mwalimu aliyepata kuwa mkuu wa Shule ya Buxton hapa Mombasa, aliyeandika kitabu juu ya nchi na desturi za Wagiriama, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Aliongoza KADU, chama kilichodai serikali za majimbo, na akawa kiongozi wa upinzani mpaka chama kilipovunjwa Novemba 1964. Desemba 1972, akiwa waziri, alipata ajali ya barabarani. Alifariki tarehe 25, siku ya Jumatatu.

Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mzee alikuwa kijana. Aliniambia, “Padri, asubuhi ile tuliimba kuzaliwa kwa Mwokozi, na habari ilipotufikia hatukujua tuendelee kuimba au tukae chini tulie.”

Ndugu msikilizaji, maneno hayo yalinichoma kwa sababu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliona mama mmoja wa usharika wetu, mjane akaaye Mji wa Kale, haji kanisani kila Krismasi. Jumapili nyingine zote yupo. Nikaenda kwake alasiri ya sikukuu, nimejaa furaha, nikamwambia, “Mama, leo si siku ya kujifungia ndani. Furahi! Mwokozi amezaliwa.”

Hakujibu. Mezani palikuwa na sahani ya mahamri na mbaazi, imefunikwa kitambaa. Akasema, “Hii ameniletea jirani yangu. Kila mwaka huniletea. Anajua leo ndiyo siku aliyokufa mume wangu.”

Jirani yule ni Mwislamu. Yeye aliikumbuka siku. Sisi tuliomzika yule bwana, mimi nikiwa ndiye niliyesoma ibada ya maziko, tulikuwa tumesahau.

Niliona haya, wapenzi. Na niliona haya zaidi kwa kuwa chuoni tulifundishwa vizuri. Tulifundishwa kwamba Wakristo wa kwanza waliiita siku ya kufa kwa mashahidi wao siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana tunamkumbuka Askofu James Hannington, ambaye Kanisa Kuu letu la Ukumbusho linabeba kumbukumbu yake, tarehe 29 Oktoba, siku aliyouawa Busoga mwaka 1885, wala si tarehe 3 Septemba aliyozaliwa. Tena tazameni kalenda ya Kanisa: Krismasi ikiisha tu, kesho yake ni Stefano anayepigwa mawe, na tarehe 28 ni watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Luka naye anatueleza kwamba mtoto alipopelekwa hekaluni, mzee Simeoni alimwambia Mariamu habari za upanga utakaopenya moyo wake. Mtoto yungali mchanga! Simeoni hakungoja siku nyingine iliyofaa zaidi.

Basi mimi ndiye niliyetaka Krismasi isiyo na machozi. Biblia haikunipa hiyo.

Nilirudi kwa yule mama siku ya tatu yake, nikamwomba radhi. Tukazungumza habari za marehemu, jinsi alivyopenda kuvua samaki na jinsi alivyokuwa mkali kwa watoto. Alicheka mara mbili.

Krismasi hii, baada ya somo la Injili na kabla ya wimbo, tutasoma majina ya wapendwa wetu waliofariki tarehe 25 Desemba. Mpaka leo nimeletewa majina saba. Kama unalo jina, mletee katibu wa kanisa kabla ya Jumapili. La mume wa mama yule limeandikwa la kwanza, na mama ameniambia atakuja, ila ameomba akae karibu na mlango.