Folio ya 15 Haisomeki Peke Yake: Viwango vya Pamoja katika Mifumo ya Kumbukumbu za Kielektroniki

Neno kusomana, ambalo katika miaka ya karibuni limezoeleka nchini Tanzania kila serikali inapoihimiza mifumo ya taasisi zake ibadilishane taarifa, kwa kawaida hueleweka kama suala la mitambo, yaani seva mbili kuunganishwa na data kupita baina yake bila kukwama. Kwa mifumo ya kutunza kumbukumbu maelezo hayo hayatoshi hata kidogo, kwa kuwa kumbukumbu ni ushahidi wa jambo lililotendwa, aliyelitenda, wakati lilipotendwa na mamlaka yaliyoliruhusu, na sehemu kubwa ya ushahidi huo haimo ndani ya maneno ya waraka bali katika mahali waraka ulipowekwa.

Karani wa masjala ya karatasi huyajua haya kwa mikono yake. Barua inapoingia hugongwa muhuri wa kupokelewa, hupewa namba ya folio, huwekwa kwenye jalada lake, na ofisa anayeishughulikia huandika dokezo akiitaja folio hiyo. Ikiwa folio ya 14 ni ombi la kibali cha kujenga na folio ya 15 ni jibu lisemalo kwamba ombi halikukubaliwa, basi folio ya 15 ikichomolewa na kupelekwa ofisi nyingine peke yake, atakayeipokea atakuwa na karatasi safi, yenye saini na muhuri halali, isiyomwambia ni ombi gani lililokataliwa wala kwa hoja ipi. Ndivyo hasa inavyotokea pale mfumo mmoja wa kielektroniki unapoupelekea mwingine nakala ya waraka bila metadata zake, yaani taarifa zinazoueleza waraka: jalada lake, mwandishi wake, tarehe zake, waliougusa na muda unaotakiwa kutunzwa kabla ya kuteketezwa au kuhamishiwa kwenye nyaraka za taifa.

Hata metadata zikisafiri, bado hazijawa lugha moja. Tarehe iliyoandikwa 03/04/2009 ni tarehe 3 Aprili kwa programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Uingereza na ni tarehe 4 Machi kwa ile ya Kimarekani, ingawa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kinachoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kilichapishwa tangu 1988. Sehemu iitwayo “mwandishi” inaweza kumaanisha mkurugenzi aliyetia saini katika mfumo mmoja, na katika mwingine ikamaanisha karani aliyeipakia barua kwenye kompyuta. Hitilafu ya namna hii ni mbaya kuliko kukatika kwa mtandao, maana mtandao ukikatika kila mtu hujua, ilhali mwandishi aliyebadilishwa kimyakimya hagunduliki mpaka siku shauri litakapofika mahakamani.

Nchi iliyolishughulikia jambo hili mapema na kwa subira ni Norwei, ambayo mwaka 1984 ilitoa toleo la kwanza la Noark, kiwango cha kitaifa kinachoeleza mfumo wa kumbukumbu za ofisi za umma unavyopaswa kuwa. Toleo la nne lilitoka mwaka 1999, mwaka ambao sheria ya nyaraka ya nchi hiyo ilianza kutumika, na la tano, la mwaka 2008, likajikita katika kiini cha masharti kinachoweza kupachikwa ndani ya mfumo wowote wa kazi. Kiwango hicho hakimwamuru mtengenezaji rangi ya skrini wala mpangilio wa vitufe, bali humtaka mfumo wake uweze kutoa kumbukumbu zote katika mafaili ya XML, muundo wa maandishi ambao binadamu na mashine wote huweza kuusoma, yakionyesha ngazi kutoka hazina nzima, kushuka kwenye jalada, hadi waraka mmoja mmoja, pamoja na orodha ya mabadiliko yaliyofanywa na tarakimu za ukaguzi zinazothibitisha kwamba hakuna kilichoguswa njiani. Kwa maneno mengine, Wanorwei walianza na mlango wa kutokea, na maelezo ya namna mifumo inavyozungumza ikiwa bado kazini yakafuata baadaye. Mpangilio huo waweza kuonekana wa kinyumenyume, lakini ndio sahihi.

Njia nyingine zimekuwa na mavuno mchanganyiko. Ulaya ilitoa MoReq mwaka 2001 na kuirudia mwaka 2008 kwa toleo nene lililowachosha watengenezaji, wakati Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kupitia kiwango chake cha 5015.2 cha mwaka 1997, ilizifanyia programu majaribio kabla ya kuziidhinisha, jambo lililokipa kiwango hicho meno. Kiwango cha ISO 15489, cha mwaka 2001, hutajwa mno katika sera za taasisi, ila ni kiwango cha misingi ya kazi, na mfumo unaodai kukifuata haujathibitisha bado kwamba unaweza kusomana na jirani yake.

Kwa Tanzania, ambako Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 inaweka miaka 30 kuwa kipimo cha kawaida cha kufungulia umma nyaraka za serikali, hesabu haina utata: barua iliyoandikwa mwaka 2024 itasubiriwa na msomaji hadi 2054, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba programu iliyoihifadhi, au hata kampuni iliyoiuza, itakuwa hai siku hiyo. Kwa hiyo mkataba wa kununua mfumo wowote wa kumbukumbu usitiwe saini kabla muuzaji hajatoa jalada moja zima, pamoja na folio, madokezo na tarehe zake, akalipakia kwenye mfumo wa mshindani wake mbele ya mkuu wa masjala, na mkuu huyo akaifungua folio ya 15 na kuikuta ikiwa bado inafuata folio ya 14.