Kisu ni Saa Moja, Kupona ni Wiki Nyingi

Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Ndia Kuu, Mombasa

  

Nimeombwa niseme juu ya upasuaji na namna mgonjwa anavyopona. Nitaeleza waliyoyapata watafiti, kisha tutazame yanatuhusu nini sisi wenye vikundi.

Tuanze na desturi yetu. Mwenzetu akiambiwa na daktari kwamba ni lazima apasuliwe, kikundi kinaitisha harambee. Daftari linazunguka, huyu mia mbili, yule mia tano, mpaka pesa za hospitali zitimie. Akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai tunamshukuru Mungu, na daftari linafungwa. Tunaona kazi imekwisha. Hapo ndipo nataka tusimame kidogo.

Mwaka 2016 madaktari katika nchi 25 za Afrika waliamua kuhesabu. Hospitali 247 ziliandika habari za watu wazima waliolazwa na kupasuliwa katika muda wa wiki moja. Wagonjwa walikuwa 11,422, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Karibu mgonjwa mmoja katika kila watano alipata matatizo baada ya kupasuliwa. Tatizo lililozidi yote ni vijidudu kuingia mwilini, yaani maambukizo. Waliofariki walikuwa 239. Kiwango hicho ni kama mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi wa wagonjwa hao walikuwa bado vijana.

Sasa sikilizeni hili. Katika hao 239, watu 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Yaani walikwisha kutoka mezani. Walikuwa kitandani, wodini. Na utafiti ule ulifuata wagonjwa wakiwa hospitalini tu; aliyerudi nyumbani akazidiwa huko hakuhesabiwa. Kwa hiyo hatari kubwa ilikuja siku zilizofuata, wakati sisi tumekwisha kufunga daftari.

Mtu atasema, basi dawa ni kumwangalia mgonjwa vizuri zaidi. Watafiti wale wale walifikiri hivyo. Wakafanya jaribio la pili katika hospitali 332 za nchi 28. Hospitali nyingine ziliendelea kama kawaida. Nyingine ziliambiwa ziwatambue wagonjwa walio katika hatari zaidi, ziwaweke karibu na meza ya wauguzi, ziwapime mara kwa mara, na ziruhusu jamaa wakae nao wodini. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: vifo havikupungua.

Je, tuseme uangalizi hauna maana? Hapana. Lakini kuangalia peke yake hakutoshi. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi, bila daktari wa kumwita wala damu ya kuongeza, ataliona tatizo lakini hatakuwa na la kufanya. Na kwetu ni vivyo hivyo. Mama akimtembelea mgonjwa, akaona mshono unatoa usaha, na nyumbani hamna hata nauli ya tuktuk, kuona kwake kumesaidia nini?

Sasa nije hapa hapa Kenya, maana si habari mbaya tu. Katika Hospitali ya Thika watafiti walifuata wagonjwa 3,343 waliopasuliwa kati ya mwaka 2010 na 2011. Desturi ilikuwa kumpa mgonjwa dawa za kuua vijidudu baada ya upasuaji. Walifanya mashauri na wafanyakazi, wakabadilisha: dawa itolewe kabla kidogo ya kisu, ili iwemo katika damu wakati ngozi inapofunguliwa. Mwanzoni wagonjwa 2 tu katika kila 100 walikuwa wakipewa dawa kabla. Wiki ya kwanza wakafika 60, na baada ya wiki chache 98. Halikujengwa jengo jipya. Watu walikaa pamoja, wakakubaliana, wakafuata.

Kwa hiyo msishangae daktari akikupa dawa kabla, halafu asikuandikie furushi la vidonge vya kwenda navyo nyumbani. Hajakunyima. Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri hivyo mwaka 2016: kama hakuna ugonjwa mwingine, dawa hizo za kinga zisiendelezwe baada ya upasuaji. Lakini ukiandikiwa dozi kwa sababu yako maalum, imalize.

Yako pia mambo ya nyumbani kabla ya kwenda. Oga vizuri kwa sabuni. Usijinyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, kwa maana wembe huacha mikwaruzo midogo na vijidudu hupata mlango. Mwenye sukari aseme, na sukari iteremshwe kwanza. Mvuta sigara aache mapema, kwani moshi huchelewesha kidonda kupona.

Nina neno moja kwa kina baba, nalo ni la Pwani yetu. Ni mabusha. Tunayajua, tunayataniana, na mwenye nayo hujificha. Mabusha mengi ya huku hutokana na vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu. Serikali imegawa dawa dhidi yake Pwani kuanzia mwaka 2002, na mwaka 2018 Jomvu na Lamu Mashariki zilipewa dawa tatu kwa pamoja. Dawa hizo huzuia ugonjwa usienee, lakini busha lililokwisha kuwa kubwa halitegemewi kuondoka kwa vidonge. Linahitaji kisu.

Wengine huogopa kwa kuwa wamesikia fulani alipasuliwa na busha likarudi. Ni kweli, hutokea. Huko Recife, Brazili, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalihusu wanaume 968 waliokatwa gamba lote linaloshika maji. Walifuatwa kwa wastani wa zaidi ya miaka 8, na busha liliwarudia chini ya mmoja katika kila 100. Katika wengine 218 waliopasuliwa zamani na gamba likaachwa, lilirudi kwa karibu mmoja katika kila watano. Hata hivyo makundi hayo hayakugawanywa kwa kura, wala hayakupasuliwa mahali pamoja, kwa hiyo tusiseme tofauti yote ni ya gamba. Lakini mna haki ya kumwuliza daktari: gamba utalifanyaje, na likirudi nije wapi? Mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa ombi langu kwa vikundi. Tazameni mtaa huu. Ndia Kuu gari hupita, lakini ukiingia vichochoroni, gari halifiki mlangoni. Nyumba ni za ghorofa, ngazi ni nyembamba na zimesimama wima. Hospitali ya Makadara iko karibu, lakini usiku wa manane mtu mwenye mshono tumboni atateremshwaje? Na wenzetu wa vijijini wana safari ndefu zaidi. Hili lipangwe kabla ya upasuaji.

Mchango ugawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hospitali. Fungu la pili ni la kupona, na lisiguswe mpaka mgonjwa atoke hospitalini. Hilo ni la nauli ya kurudi kuonwa, la bendeji, la chakula cha nguvu kama samaki, maharagwe na mayai, na la unga wa watoto ili mgonjwa asikimbilie kibarua mapema. Bima inaweza kusaidia hospitalini, lakini nauli ya usiku ni juu yetu.

Tena chagueni watu wawili wa kumtembelea kila siku kwa majuma mawili ya kwanza. Wakiona joto la mwili, usaha au harufu mbaya, mshono kufunguka au kutoa damu, kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba, au pumzi kubana, wasingoje kesho na wasisubiri kikao. Fungu lipo, wamchukue waende.

Najua mtasema pesa ni kidogo, na mgonjwa mwingine anangoja. Ni kweli. Lakini tukitoa zote kwa kisu, kisha mwenzetu akafa kwa usaha siku ya kumi, tutakuwa tumechanga mara mbili: mara ya upasuaji na mara ya mazishi. Afadhali tuchelewe wiki mbili, kama daktari amesema ugonjwa unaweza kungoja, tukusanye na la kupona.



Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Mwanachama wetu wa mwisho kupasuliwa, tulimtembelea mara ngapi baada ya kurudi nyumbani?
2. Usiku tukipata mgonjwa aliyezidiwa, ni nani ana simu ya mwenye gari, na nani anashika pesa?
3. Tutatenga kiasi gani kila mwezi kwa fungu la kupona?