Benki na Mama wa Tengeru

Tangu mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, hata sheria ya 1991 ilipoyafungulia mlango tena mabenki ya binafsi, mkulima wa kahawa wa miteremko ya Meru hakuwa na pengi pa kuiweka akiba yake. Ilhali jirani zetu wa Kenya, walioanza M-Pesa Machi 2007, mwaka mmoja kabla yetu, walipanda kutoka takriban asilimia 27 ya watu wazima wenye huduma rasmi za fedha mwaka 2006 hadi 84 mwaka 2021, nasi mwaka 2023 tukafikia 76.

Twashukuru. Lakini mama auzaye ndizi Tengeru, simu yake yenye fedha ameifunga katika pindo la khanga, bado hukopa katika kikoba, kwa kuwa benki humtaka hati ya shamba asiyokuwa nayo. Enyi wenye mabenki, mwangalieni mama huyo kwa insafu.